MTOTO APEWE CHAKULA MKONONI



Safari hii maoni yetu hayahusu mbolea wala bei ya mazao. Yanahusu mtoto aliyetimiza miezi 6. Ameanza kukaa, shingo imekaza, na kila anachokiona anakipeleka mdomoni. Mtoto huyo anatuambia kwamba yuko tayari kuanza kula. Je, sisi tunampa nini? Katika nyumba nyingi asubuhi ni uji mwepesi, mchana uji mwepesi, na jioni akibahatika hupata mchuzi wa maharage. Anatimiza mwaka mzima hajawahi kushika kipande cha chakula kwa mkono wake mwenyewe. Sisi tunasema hapana, hii si sawa.

Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka 5, watoto 30 wamedumaa. Kwetu Njombe ilikuwa karibu nusu ya watoto. Jamani, Njombe hii ya mahindi, viazi, maharage na parachichi! Ghala limejaa, mtoto kadumaa. Sababu ni nyingi, maradhi na maji machafu yamo. Lakini moja iko ndani ya bakuli la mtoto, na hiyo tunaweza kuianza leo bila kusubiri mtu kutoka wilayani.

Tumbo la mtoto ni dogo. Ukilijaza uji wa maji limeshiba maji. Basi uji uwe mzito, usimwagike upesi kwenye kijiko, na utiwe karanga zilizosagwa vizuri au dagaa waliosagwa. Lakini uji peke yake hautoshi. Wataalamu wa lishe wanasema ifikapo miezi 8 watoto walio wengi wanaweza pia kula vyakula vya kushika kwa mkono. Mtoto akishika, anajifunza kutafuna, anajua ladha ya kila chakula, na vidole vyake vinapata kazi. Mwanzo hushika kwa kiganja chote. Karibu na miezi 9 huanza kuokota kwa kidole gumba na cha shahada. Hilo ni darasa lake la kisomo. Sisi tuliojifunza kushika kalamu ukubwani tunajua kwamba mkono haujifunzi kwa kuangalia tu.

Chakula chenyewe hatununui dukani. Kiazi kitamu kilichochemshwa, boga, kiazi mviringo, ndizi mbivu, yai lililochemshwa likaiva, parachichi. Kata kipande kirefu kama kidole cha mtu mzima, ili mtoto akishike na ncha itokeze nje ya ngumi. Kipime kwanza wewe: kikipondeka kwa urahisi kati ya vidole viwili, kinafaa. Kisipopondeka, kirudishe jikoni. Maharage yaive sana, yapondwe. Wapo wanaosema yai si chakula cha mtoto. Ndugu zetu, yai ni la mtoto kabla halijawa la mgeni.

Maziwa ya mama yaendelee mpaka miaka 2 au zaidi. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 ale mara 2 au 3 kwa siku, na kuanzia miezi 9 mara 3 au 4. Mikono ioshwe kwa sabuni, ya mlishaji na ya mtoto.

Tunajua neno litakalosemwa: “Atapaliwa.” Hofu hiyo ni ya haki. Kwa hiyo karanga nzima, bisi, mahindi ya kuchoma, karoti mbichi, pipi, muwa, na samaki mwenye miiba, mtoto mchanga asipewe. Asali nayo isubiri atimize mwaka. Mtoto ale akiwa amekaa wima, si amelala, si mgongoni, si akitambaa. Akikohoa kwa sauti, mwache akohoe, wala usimchokoe kooni kwa kidole. Lakini akinyamaza, hakohoi wala halii, hapo ni hatari. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kiwe chini kuliko kifua, umpige kwa kiganja mara 5 katikati ya mabega. Kisipotoka, mgeuze chali, bonyeza katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5. Rudia hivyo, na mwenzio akimbilie msaada.

Hapo ndipo tunafika kwenye kiini cha maoni yetu. Chakula cha mkononi kinataka mtu mzima aliyekaa karibu na mtoto. Msimu wa kazi ukifika, mtu huyo yuko wapi? Mama yuko shambani tangu alfajiri. Mtoto ameachwa na dada yake wa miaka 7, na chupa ya uji. Dada huyo naye ni mtoto. Hatuwezi kumwambia mama “lisha vizuri” halafu tukamwachia jembe, kuni, maji na mtoto, vyote peke yake. Huko ni kumlaumu aliyebeba mzigo badala ya kumpokea.

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, watu wazima walipokaa vikundi vikundi kusikiliza redio na kujadiliana. Kilicholeta nguvu ni kwamba watu walikaa pamoja wakaamua la kufanya. Nasi tunapendekeza mambo haya yaletwe kwenye mkutano mkuu wa ushirika wetu:

1. Parachichi zinazokataliwa na mnunuzi kwa sababu ya udogo au makovu, nyumba zenye watoto chini ya miaka 2 zipewe kwanza, bila malipo. Parachichi haliivi mtini, huiva baada ya kuchumwa. Liwekwe ndani siku chache, likilainika mtoto ale.

2. Wakati wa kupanda na kuvuna, banda la ushirika litumike kulelea watoto mchana, wakae watu wazima wawili kwa zamu. Zamu hiyo ihesabiwe kuwa kazi ya ushirika, kama kupakia magunia.

3. Akina baba wawe kwenye orodha ya zamu. Mwanaume anayeweza kukaa kilabuni saa mbili anaweza kukaa na mtoto nusu saa akila kiazi.

4. Siku ya kupima uzito wa watoto, akina mama wenye uzoefu waonyeshe kwa vitendo namna ya kukata na kupima ulaini wa chakula.

Wengine watauliza, ushirika na bakuli la mtoto wapi na wapi? Tunajibu: tunahesabu kila kilo inayotoka kijijini, na mtoto anayepungua kilo ni hasara yetu pia, tena hasara isiyolipwa na msimu ujao. Njooni mkutanini, wenye kupinga wapinge, wenye kuongeza waongeze. Ila kabla ya mkutano, jioni ya leo, kila mwenye mtoto aliyefika umri huo achemshe kiazi kimoja, akikate, akae naye.

Katibu wa Tawi