ELEMENTI YA TRAFIKI

Nimeadimika kwa sababu nilikuwa na aibu, na aibu yenyewe inahusu masikio yangu. Leo nimeamua kuitoa hadharani, kwani nimechoka na wimbo ninaoimbiwa kila nikitia mguu kijiweni: ati helmeti inaziba masikio, ati ukivaa husikii honi, kwa hiyo bora uitundike kwenye kiwiko mpaka umwone trafiki.

Niwape kisa kwanza.

Mwaka jana nilitoka Mikumi asubuhi na Boxer yangu, nina miadi na wakulima Mlali. Kwa msiolijua eneo: ukitokea Iringa, kabla hujafika Morogoro mjini, unakata kulia pale Sangasanga, unapita Mzumbe penye chuo kikuu, halafu unaingia Mlali. Ukiendelea kupanda Milima ya Uluguru unafika Mgeta, kwenye kabichi na karoti ambazo wengi wenu mnazila Dar bila kujua zimetoka wapi. Basi, nilikuwa nimekaa barabara kuu saa nzima na ushee, mwendo wa 80, kioo cha helmeti nimekiinua nusu kwa ajili ya joto. Nilipozima injini, ile "vuuuuu" haikuzimika. Ilibaki kichwani.

Nikakaa na mzee mmoja wa kikundi cha wakulima wa mboga. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu. Akanieleza dalali aliwalipa laki sita. Mie nikaandika laki tisa. Niliuliza "ngapi mzee?" mara mbili, ya tatu nikaona haya, nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Habari ikatoka na laki tisa. Mzee wa watu akaitwa mbele ya wanakikundi wenzake aeleze zile laki tatu amezipeleka wapi! Na kinasa sauti nilikuwa nacho. Nilipokuja kukisikiliza siku ya tatu, masikio yamepumzika, sauti ilikuwa safi kabisa: sita. Gazeti likasahihisha kwa mistari miwili ukurasa wa ndani. Kijijini maneno hayarudi kwa mistari miwili, wadau.

Nilikwenda kumwomba radhi. Nikamweleza kuwa masikio yalikuwa yamejaa upepo. Akaniangalia, akasema, "Mwanangu, sasa wewe unaendeshaje hicho chombo kama husikii?"

Swali hilo ndilo lililonitia adabu. Nikaanza kusoma, na nilichokikuta kinaniudhi mpaka leo.

Jambo la kwanza: kelele inayotuua masikio haitoki kwenye injini. Sote tunalaumu ekzosi. Ukishavuka mwendo wa kilometa 60 hivi kwa saa, upepo unaojikunja kuzunguka helmeti ndio unaotawala. Waingereza walipima mambo haya tangu miaka ya 1990, daktari wa masikio Andrew McCombe akiwa mmoja wao. Wakakuta kwenye mwendo wa 60 kelele ndani ya helmeti inafika karibu desibeli 90, na ukikimbia 160 inafika kama 110. Sasa linganisha na kipimo kinachotumiwa na taasisi ya Marekani ya afya kazini, NIOSH: desibeli 85 kwa saa nane, na kila ikiongezeka desibeli 3, muda unakatwa nusu. Yaani 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili, 94 ni saa moja tu. Kwa 90 huna hata saa tatu. Kijana wa bodaboda anayepeleka abiria mjini na kurudi Mlali mara tatu nne kwa siku, muda wake wa barabara kuu unaisha kabla ya chakula cha mchana. Mimi kwa 80 na kioo wazi, msiniulize.

Ukiona baada ya safari sauti za watu zinasikika kama wanaongea ndani ya debe, hiyo ni dalili kwamba masikio yameelemewa. Kwa kawaida hurudi baada ya saa kadhaa au siku. Ukirudia kila siku, kuna kiasi ambacho hakirudi tena. Na vinavyotangulia kwenda ni vile visauti vyembamba, s, t, f. Nyie mnaocheka sita na tisa, jaribuni kusikia Kiswahili bila s na t.

Sasa nije kwa wale jamaa zangu wa kijiweni. Mmoja pale Mlali aliniambia, "Braza, hiyo elementi inanifanya kiziwi. Semi ikija nyuma sisikii." Naheshimu, maana yeye ndiye analala na kuamka kwenye pikipiki, na barabara ya Iringa ina malori ya Zambia usiku na mchana. Ila hoja yenyewe ni mbovu! Ukivua helmeti, upepo haukuonei huruma, unakupiga sikio lililo wazi. Helmeti inapunguza honi, ndiyo, na inapunguza na kelele nyingine pamoja nayo, kwa hiyo honi inabaki inasikika vilevile. Hili lilipimwa Marekani kwa ajili ya mamlaka yao ya usalama barabarani, ripoti ikatoka 1994: waendeshaji walipimwa barabarani bila helmeti, kwa helmeti ya nusu na kwa helmeti kamili, na uwezo wao wa kusikia honi haukutofautiana kwa maana yoyote. Upande wa pili tunajua helmeti inafanya nini. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa 2008 yalikuta inapunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 hivi, na ya jeraha la kichwa kwa asilimia 69. Hiyo asilimia 69 ndiyo unayoitundika kwenye kiwiko.

Lakini sitaki kumaliza hasira zangu zote kwa bodaboda. Hao wameuziwa takataka.

Nendeni dukani mkaulize helmeti. Muuzaji hatakuuliza kichwa chako kina sentimeta ngapi, atakuuliza unataka rangi gani. Yangu ya kwanza niliinunua hivyo hivyo, duka moja hapa Morogoro, ikicheza kichwani kama sufuria juu ya mafiga. Nilipolalamika nikaambiwa, "Hiyo ni ya trafiki tu, kaka." Ya trafiki tu! Yaani nchi nzima tumekubaliana kwamba kofia ngumu ni risiti ya kumwonyesha askari. Tangu kanuni za pikipiki za biashara za 2010, biashara hii ni halali na inatambulika, nasi bado tunakagua kama kitu kipo kichwani, hatukagui ni kitu gani. Askari naye akiona duara juu ya shingo, anapunga mkono, pita.

Na sisi wenye digrii je? Ndio tunaonikera zaidi. Mtu ana simu ya zaidi ya milioni, helmeti ya elfu ishirini, na ndani ya helmeti ameweka spika za masikioni anasikiliza muziki. Ndugu yangu, ili uusikie muziki juu ya upepo wa desibeli 90 lazima uupandishe upite hapo. Unaongeza moto kwenye moto.

"Nyie waandishi mna hela, helmeti isiyo na kelele ni ya Wazungu." Nimeambiwa hilo pia. Ni kweli zipo za bei mbaya. Schuberth ya Ujerumani ina handaki lake la upepo, na helmeti yao ya C5 wanaitangaza kuwa desibeli 85 kwa mwendo wa 100. Inauzwa mamia ya euro, sahauni. Tena namba hizo kila kampuni inapima kwake na kwa pikipiki yake, na viwango vinavyobandikwa kwenye helmeti, kama ECE 22.06 ya Ulaya au DOT ya Marekani, vinahusu kugonga, haviweki kikomo cha desibeli. Kwa hiyo stika haikuambii kitu kuhusu kelele. Itafute kwa ajili ya fuvu lako, masikio yatafutie njia nyingine.

Na njia nyingine zipo, za bei ya chai. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, mwaka 2011 walionyesha kwamba sehemu inayopitisha kelele nyingi ni pale chini, kwenye kidevu na shingo. Upepo unaingia kwa chini, na mngurumo wake ni mzito, wa aina ambayo sponji haiuzuii. Ndiyo maana kuongeza sponji masikioni hakusaidii sana, ila kuziba shingo kunasaidia. Mie navaa skafu, naizungusha vizuri mpaka chini ya kidevu, ncha nazichomeka ndani ya jaketi. Siku ya kwanza nilidhani nimepunguza mwendo, kumbe spidi ni ileile.

Halafu ukubwa. Helmeti ikae mpaka mashavu yabanwe kidogo, uonekane kama umejaza maandazi mdomoni. Ukiishika ukaizungusha, ngozi ya uso iende nayo. Ikiteleza peke yake si yako, mpe mwenye kichwa chake. Chagua iliyo laini juu, isiyo na kile kipande kilichochomoza mbele kama pama. Kile ni cha mashindano ya vumbi, kwenye lami kinakamata upepo na kukuvuta shingo. Kioo kifunge mpaka chini, na uangalie mpira wake unakaa sawasawa, maana mwanya mdogo unapiga mluzi kuliko filimbi ya refa. Joto? Najua, Morogoro si Lushoto. Fungua vitundu vya hewa ukiwa mjini na kwenye foleni, funga ukikamata barabara kuu. Na wewe uliyefunga kioo cha upepo mbele ya Boxer ili upate utulivu, chunguza: kama ncha yake inakutupia upepo uliovurugika usoni, umejiongezea kelele. Simama kidogo kwenye vikanyagio, kwa mwendo wa pole, barabara tupu. Kelele ikipungua ghafla, mchawi ni kioo hicho.

Kitu kimoja msifanye, nimekiona Mlali na nimekiona Msamvu: kung'oa lile boya jeupe la ndani, lile linalofanana na la maboksi ya TV, ati helmeti iwe pana na iingize hewa. Lile ndilo helmeti yenyewe. Linalobaki ni ndoo.

Cha mwisho ni vizibo vya masikio, vile vya sponji wanavyovaa mafundi wa mashine za mbao. Unavibinya, unavuta sikio juu, unaingiza, unasubiri vijae. Vikiingia vizuri vinapunguza desibeli 20 na zaidi. Hapa ndipo ninapogombana na watu wengi. Wanasema sasa ndio umejifanya kiziwi kabisa. Hapana bwana. Kwenye mwendo mkubwa honi naisikia vizuri zaidi nikiwa navyo, kwa kuwa sikio halijalewa upepo. Mjini, mwendo wa 30, navitoa.

Wiki iliyopita nilirudi Mlali na pakiti nzima ya vizibo. Yule jamaa wa "elementi inanifanya kiziwi" alivikataa mbele ya wenzake, akasema mambo ya Kizungu. Skafu akaichukua. Akavaa helmeti yangu, akafunga mkanda, akaenda mpaka Sangasanga na kurudi. Aliposhuka hakusema kitu kuhusu kelele. Aliniuliza tu helmeti yangu niliipata duka gani, na kama wana saizi yake.