Breki Kabla ya Kona

Ndugu zangu madereva wa bodaboda mnaopanda na kushuka kati ya Mombo na Lushoto, lami ile ni nyembamba, kilomita 30 na ushee, na humo inapanda zaidi ya mita 900. Huku mwamba, kule bonde, katikati mabasi na malori ya kabichi. Mnaijua kuliko mimi. Ninachowaomba ni kimoja: mwendo upunguzwe kabla ya kona, pikipiki ikiwa bado wima.

Sababu iko kwenye tairi. Mshiko wake kwenye lami una kikomo, na kona hula sehemu kubwa. Ukikaza breki huku umeilaza pikipiki, unadai mshiko ambao haupo tena, na chini unakwenda. Mwendo nao unadanganya: kona uliyoipita kwa kilomita 40 kwa saa, ukiijia kwa 60 inataka mshiko mara mbili na robo. Basi shika breki zote mbili mapema, shusha gia, uingie kwa mafuta kidogo yasiyoyumba hadi uione njia ikinyooka, ndipo uongeze. Macho yatangulie unakotaka kutokea. Ukilikodolea shimo, utalifuata. Ukikata kushoto, sukuma mbele kidogo mpini wa kushoto. Inasikika kinyume, lakini ndivyo pikipiki inavyolala, na wengi wenu mnafanya hivyo bila kujijua.

Kona za kulia zina mtego wake. Kwa kuwa tunaendesha kushoto, tairi zinaweza kuwa upande wako huku kichwa chako kikiwa upande wa lori linalokuja. Jivute kushoto, ila usiuguse ukingo wenye mchanga.

Na kutoa gia mteremkoni ili kuokoa petroli, jamani, tuache. Injini inapunguza mwendo pamoja na breki. Ukiitenga, kazi yote inabaki kwa breki za ngoma, nazo zikipata moto hazishiki. Petroli unayookoa hailipi hata nauli ya kwenda hospitali.

Abiria, nanyi mna sehemu yenu. Kaa karibu na dereva, lala naye kwenye kona, usijivute upande wa pili kwa hofu. Ukikuta mshikaki wa abiria umeshapangwa, subiri pikipiki nyingine. Ukitaka apunguze mwendo, mwambie kabla ya kona, si ndani yake.

Viongozi wa vijiwe, vijana wengi walifundishwa gia na klachi jioni moja, kesho yake wakapakia watu. Tafuteni uwanja mpana ulio wazi, pangeni makopo, wakongwe wawaonyeshe wageni: breki ikiwa wima, macho mbele, kisha kulaza, kwanza bila mtu, halafu na abiria. Anzeni wiki hii, kabla mvua hazijailowesha lami.