Mgeni njoo, mwenyeji apone: toleo jipya la programu lisifute daftari letu

Katika biro nyingi za Bukavu, Butembo, Bunia ama Uvira, daftari kubwa la karatasi limekwisha kuhamia ndani ya kompyuta ya Windows. Farmasi inaandika humo dawa zinazoingia na zinazotoka. Shule inaweka humo pointi za wanafunzi. Kooperativi ya kahawa inaandika humo kilo za kila mkulima na pesa anazodai. Ni jambo jema. Lakini muulize karani wa biro kama hiyo ni siku gani anaiogopa zaidi. Wengi watakujibu: siku ambayo fundi anafika na flashi mkononi na kusema, «Nimeleta toleo jipya.»

Hofu hiyo ina sababu zake, na dawa yake inajulikana. Ninachotaka kusema hapa ni kitu kimoja: programu tusiipime tu siku inapofunguliwa mara ya kwanza mbele ya mkubwa wa biro. Tuipime pia siku toleo lake la pili linapofika. Anayeuza programu isiyojua kupokea toleo jipya ameuza nusu ya kazi, na mnunuzi ana haki ya kudai nusu iliyobaki.

Wengine watasema: basi tubaki na toleo la zamani, maadamu linatembea. Haiwezekani, na sababu ni mbili. Ya kwanza, sheria hubadilika. Nchi yetu iliingia OHADA mwaka wa 2012, na tangu tarehe 1 Januari 2018 hesabu za makampuni zinafuata SYSCOHADA iliyorekebishwa. Programu ya uhasibu iliyoandikwa kwa mpango wa zamani ilibidi ibadilishwe, penda usipende. Ya pili ni usalama. Tarehe 12 Mei 2017 virusi vya WannaCry vilianza kufunga mafaili ya kompyuta katika nchi zaidi ya 150 na kudai pesa kwa kuyafungua. Uingereza, hospitali zililazimika kurudisha wagonjwa nyumbani. Dawa ya kuziba tundu hilo Microsoft ilikuwa imeitoa tarehe 14 Machi mwaka uleule, karibu miezi miwili kabla. Wengi walioumia ni wale ambao hawakuwa wameiweka.

Kwa hiyo kile ambacho hapa kwetu tunaita «mise à jour» hakiepukiki. Swali ni namna inavyofanywa.

Tuseme farmasi moja inatumia programu ya stoki, toleo la 2. Fundi anakuja na toleo la 3. Anabonyeza mara mbili, anangoja, anaona imekwisha, anapokea pesa yake, anaenda. Kesho yake karani anakuta alama mbili za programu ileile kwenye skrini. Ya kwanza ina stoki ya miaka miwili. Ya pili ni tupu. Asubuhi mmoja anaandika ndani ya ile ya kwanza, jioni mwenzake anaandika ndani ya ile ya pili. Baada ya juma tatu hakuna anayejua ni boksi ngapi za amoksisilini ziko kwenye rafu. Ama inatokea jambo baya zaidi: alama ni moja tu, toleo jipya limeingia vizuri, lakini stoki yote ni sifuri, maana faili la hesabu limeondoka pamoja na toleo la zamani.

Hapo watu husema karani alibonyeza vibaya. Mara nyingi karani hana kosa lolote. Kosa liliingia mapema, siku ile pakiti ilipotengenezwa.

Windows ina mtumishi wake wa kuweka na kuondoa programu, anayeitwa Windows Installer. Alitoka mwaka wa 1999 pamoja na Office 2000, na mpaka leo mafaili yenye mwisho wa .msi yanapitia kwake. Anaandika kila anachoweka: faili gani, mahali gani, kwa ajili ya programu gani. Lakini hakisii. Anafuata yale tu ambayo mtengenezaji wa pakiti alimwandikia.

Ndani ya kila pakiti kuna vitambulisho viwili ambavyo tunaweza kuvielewa kwa urahisi, sababu hata sisi tunavyo. Mtoto ana jina lake mwenyewe, na ana jina la ukoo. Jina la programu yenyewe linaitwa ProductCode. Jina la ukoo linaitwa UpgradeCode. Toleo kubwa jipya linapotengenezwa, ProductCode inabadilika na namba ya toleo inapanda, lakini UpgradeCode inabaki ileile, kuanzia toleo la kwanza mpaka la mwisho. Tena pakiti inapaswa kuwa na amri inayosema: ukikuta ndugu wa ukoo huu mwenye namba ndogo kuliko mimi, mwondoe, mimi nichukue nafasi yake. Kama mtengenezaji amebadilisha jina la ukoo, ama amesahau amri hiyo, matoleo mawili yatakaa nyumba moja bila kujuana. Ndiyo zile alama mbili kwenye skrini.

Kosa la kinyume nalo lipo. Mtengenezaji anabadilisha mafaili na namba ya toleo lakini anaacha ProductCode ya zamani. Njia hiyo inaruhusiwa kwa mabadiliko madogo, ila inadai amri maalumu wakati wa kuweka. Ukibonyeza tu mara mbili, Windows inakataa na kusema toleo lingine limekwisha kuwekwa. Fundi mwenye haraka ataondoa la zamani kwa mkono wake kusudi jipya lipite, na kama faili la hesabu lilikuwa sehemu ya mafaili ya programu, linaondoka nalo.

Namba ya toleo yenyewe ina mtego. Windows Installer inalinganisha sehemu tatu za kwanza tu. Mwenye kutoka 2.4.1.7 kwenda 2.4.1.8 anadhani amepanda, kumbe kwa Windows Installer namba hizo ni sawa, na toleo la zamani linaweza kubaki palepale. Sehemu ya kwanza na ya pili hazipaswi kupita 255, kwa hiyo anayependa kuanza na mwaka, 2025, aandike 25. Tena kuna jambo la akaunti: programu iliyowekwa kwa ajili ya mtu mmoja tu haionwi na toleo jipya linalowekwa kwa ajili ya kompyuta nzima. Katika biro ambamo watu watatu wanatumia kompyuta moja, kosa hilo huja mapema.

Lakini yote hayo ni madogo mbele ya swali la daftari: mafaili ya hesabu yanakaa wapi? Programu ni mali ya mtengenezaji. Anaweza kuiondoa na kuirudisha hata kesho. Hesabu ni mali ya farmasi, ya shule, ya wakulima. Mtengenezaji anayeweka faili la hesabu ndani ya pakiti, sawa na mafaili mengine ya programu, amemwambia Windows Installer kwamba faili hilo ni lake. Siku toleo la zamani linapoondolewa, faili hilo linaondolewa pia, hata kama lina miaka mitano ya kazi ndani yake. Njia salama zipo na si ngumu. Programu yenyewe iunde faili la hesabu siku inapofunguliwa mara ya kwanza, mahali pa pembeni kama folda ya ProgramData. Ama kama ni lazima faili litoke ndani ya pakiti, liwekewe alama ya kudumu, isiyoruhusu kuondolewa wala kufunikwa na jingine.

Kuna pia utaratibu wa kuondoa na kuweka. Wengi wanaotengeneza pakiti hutumia WiX, chombo ambacho Microsoft ilifungua msimbo wake kwa wote mwaka wa 2004. Ndani ya WiX, kama hukuchagua kitu, la zamani linaondolewa kabisa kwanza, ndipo jipya linaanza kuingia. Jipya likishindwa njiani, unabaki bila la zamani wala jipya. Lakini kuna chaguo lingine, la kuondoa la zamani ndani ya kazi ileile ya kuweka jipya, kusudi jipya likishindwa la zamani lirudishwe. Ni neno moja la kubadilisha. Kwetu, ambako diski nyingi ni kuukuu na zimejaa, neno hilo moja linaweza kuokoa siku nzima ya kazi ya hospitali.

Na flashi zetu? Flashi moja inazunguka kutoka biro hadi biro, na ndani yake pakiti ya mwaka juzi inakaa karibu na ya mwaka huu. Fundi akichukua ile ya zamani kwa bahati mbaya, anaweza kurudisha biro nyuma bila mtu kujua. Windows Installer haizuii jambo hilo yenyewe. Mtengenezaji ndiye anayepaswa kuandika katazo, pamoja na maneno ya kumwambia mtu kwamba toleo lililo ndani ni jipya zaidi. Na maneno hayo yaandikwe kwa lugha ambayo karani anasoma, Kifaransa ama Kiswahili.

Mafundi wa mitaani nao wana sehemu yao. Diski inapojaa, kuna wanaofuta folda ya C:\Windows\Installer wakidhani ni takataka. Humo ndimo Windows Installer inaweka nakala za pakiti inazohitaji kwa kutengeneza, kubadilisha ama kuondoa programu. Ukizifuta, leo hutaona kitu. Siku toleo jipya linapofika, kompyuta itadai pakiti ya zamani ambayo hakuna anayejua iko wapi. Na biro isiyoweka nakala ya hesabu yake mahali pengine kabla ya kazi yoyote inacheza kamari, hata pakiti iwe nzuri namna gani.

Najua hoja ya vijana wetu wa informatiki: mambo haya yamepitwa na wakati, siku hizi programu zinatumiwa ndani ya intaneti na hakuna cha kuweka. Ni kweli pale ambapo mtandao upo, na umeme upo, na mnunuzi ana uwezo wa kulipa megabaiti kila mwezi. Kwa kituo cha afya kilicho mbali na mji, kompyuta inayofanya kazi bila mtandao bado ndiyo tegemeo, na toleo jipya litaendelea kuja kwa flashi. Zaidi ya hayo, Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11, kwa hiyo biro nyingi zitahamisha programu zao kwenda mashini nyingine. Huko ndiko pakiti mbovu zitajulikana.

Hoja ya pili ni bei: mteja wetu ni maskini, hawezi kulipia kazi nzuri hivyo. Lakini kulinda jina la ukoo, kupandisha namba ya toleo ipasavyo na kuweka hesabu pembeni hakuhitaji mashini ya gharama. Kunahitaji mtu aliyesoma na aliyejaribu kabla ya kutuma. Anayelipa gharama ya kutojaribu ni karani anayekaa usiku kuandika upya stoki kwa mkono, na mkulima anayeambiwa kilo zake hazionekani.

Kwa hiyo, wakubwa wa shule, wa vituo vya afya, wa kooperativi na wa mashirika, kabla ya kutia sahihi, ombeni mambo manne na yaandikwe ndani ya mkataba. Mosi, muuzaji aoneshe mbele yenu, kwenye kompyuta yenye hesabu za majaribio, kupita kutoka toleo la zamani kwenda jipya, na hesabu zibaki. Pili, aoneshe kwamba toleo la zamani haliwezi kufunika jipya. Tatu, aandike mahali hesabu zinapokaa na namna ya kuchukua nakala. Nne, awaachie pakiti ya kila toleo, kusudi siku yeye akihama mji msibaki yatima.

Wafadhili wanaonunua programu kwa ajili ya vituo vyetu wafanye vilevile. Na walimu wa informatiki wa vyuo vyetu vikuu wasiishie kufundisha kuandika programu. Wafundishe pia kuifikisha kwa mtu na kuibadilisha bila kumharibia.

Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Toleo jipya ni mgeni ndani ya biro. Anayemleta ahakikishe kwamba atakapoondoka, mwenyeji bado ana daftari lake.