Punguza Nguo, Usikate Kitambaa

Daktari anapomshauri mtu mwenye presha au sukari apunguze uzito, humweleza habari za chumvi, soda, kiasi cha ugali na kutembea kwa miguu. Habari za kabati la nguo hazimo. Lakini kila anayeufuata ushauri huo hufikia siku ambayo suruali haisimami kiunoni bila mkanda, blauzi inaning'inia, na jirani anauliza kwa sauti ya chini kama yu mzima. Suala hili haliwahusu watu wachache. Utafiti wa kitaifa uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulikuta kwamba asilimia 27 ya watu wazima walikuwa na uzito uliozidi kiasi au unene wa kupindukia, na wanawake walikuwa wengi zaidi kuliko wanaume. Wakisikia ushauri wa daktari hata nusu yao, kabati nyingi zitajaa nguo zisizokaa mwilini. Naona nguo hizo zipunguzwe, mwenye nguo azipunguze mwenyewe, na asikate kitambaa hata kidogo. Hilo la mwisho ndilo husahaulika, na ndilo nitakalolitetea zaidi.

Kwanza lile swali la jirani, maana ndilo linalowafanya wengi waone haya. Miaka ya 1980 UKIMWI ulipoingia Uganda, watu waliuita Slim kwa jinsi ulivyokondesha. Mkoani Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, uliitwa Juliana, jina la nguo iliyokuwa ikiletwa na wafanyabiashara wa mpakani. Dawa zimepatikana na hali imebadilika sana, ila jicho la watu bado linakumbuka: mwili uliopungua ndani ya nguo pana husomwa kama ugonjwa. Mwili uleule ndani ya shati lililokaa vizuri husomwa vingine kabisa. Kwa hiyo anayepunguza nguo zake asiambiwe anajipenda mno. Anajiondolea mzigo wa kujieleza kwa kila mtu kazini, msikitini, kanisani na kwenye daladala. (Wale wanaojipiga picha ndani ya suruali ya zamani, wakiuvuta ukanda wa kiuno mbele kuonyesha nafasi iliyobaki, nawaelewa, lakini picha ni ya siku moja, na suruali ni ya kuvaliwa.)

Kazi yenyewe haina siri. Gauni lenye mishono miwili ya ubavuni lina kingo nne zinazokutana, mbili kila upande. Anayetaka kupunguza sentimita 8 kiunoni anasogeza kila ukingo sentimita 2 tu. Hapa ndipo wanaoanza hukosea: wanagawa 8 kwa mbili, wanaingiza 4 kila ukingo, na gauni linapungua sentimita 16 hadi haliingii. Suruali hupunguzwa kwanza kwa mshono wa nyuma wa katikati, ule unaoshuka kutoka kiunoni hadi makalioni. Ukanda wa kiuno unafumuliwa hapo katikati, mshono mpya unachorwa kwa chaki ukianzia ndani ya ule wa zamani na kuuendea polepole hadi ikutane chini. Zikizidi sentimita 5 hivi, mifuko ya nyuma huanza kukaribiana kama macho ya makengeza, na hapo ni lazima kuhamia mishono ya ubavuni. Kabla ya kushona, nguo ipigwe bandi kwa uzi wa rangi tofauti, ivaliwe, na mvaaji akae kitini, ainame na kuinua mikono. Nguo inayopendeza mbele ya kioo huweza kugoma kwenye kiti cha ofisi. Ikikubali, mshono wa mkono wa kurudi nyuma unatosha kabisa. Mwenye cherehani achague hatua ndefu kidogo, kwa sababu nitakayoieleza sasa.

Uzito hupungua kwa vipindi, na mara nyingi sehemu yake hurudi. Hili halisemwi kwa kumkatisha mtu tamaa. Katika utafiti mkubwa wa kuzuia kisukari uliofanywa Marekani, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2002, kundi lililobadilisha chakula na kufanya mazoezi lilipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Watu wa kundi hilo walipungua wastani wa takribani kilo 7 katika mwaka wa kwanza, kisha miaka ilivyokwenda sehemu kubwa ya uzito ikarudi polepole. Hao walikuwa na wataalamu wa kuwasimamia. Asiye na msimamizi ana haki gani ya kuudai mwili wake usimame pale pale ulipofika mwezi huu? Mwili utapungua tena, utarudi kidogo, utatulia, na kwa wanawake huenda mimba ikaingia katikati. Nguo iliyopunguzwa kwa kukatwa inaufuata mwili mara moja tu. Iliyokunjwa ndani inaufuata kila uendapo: unafumua, unapiga pasi, unashona upya. Ndiyo maana hatua ya mshono iwe ndefu, ifumuke bila kuumiza kitambaa. Na ndiyo maana nguo isikimbizwe kwenye ovaloki, kwa kuwa mashine hiyo ina kisu kinachokata ukingo wakati ikiushona.

Wapo watakaopinga kwamba kuacha kitambaa ndani ni kuukaribisha unene urudi: mtu aliyedhamiria agawe nguo zake kubwa zote ili asiwe na pa kurudia. Hoja hiyo ina mvuto, hata ina ujasiri, lakini inaigeuza nguo kuwa fimbo. Sijaona kwa nini mtu aliyerudisha kilo tatu baada ya mfungo na sikukuu, au baada ya kuuguza mzazi hospitalini, aadhibiwe kwa kukosa suruali ya kuendea kazini. Atakachofanya ni kununua kubwa nyingine, mara nyingi kubwa kupita haja. Mwenye akiba ndani ya mshono anaachia sentimita mbili na kuendelea na maisha. Wazazi wetu walilijua hili bila kuliwekea nadharia: sare ya shule ilishonwa na pindo pana, likashushwa mwaka baada ya mwaka mtoto akirefuka. Hakuna aliyedhani pindo lile lilimharakisha mtoto kukua.

Pingamizi zito zaidi ni la mafundi na mitumba. Kwa nini mtu ajichome vidole wakati kuna fundi kila kona, na sokoni Gikomba au Karume suruali nyingine inapatikana kwa bei ndogo? Nianze na mitumba. Nguo hizo zilikatwa viwandani kwa miili ya watu wengine, na ndiyo maana pembezoni mwa masoko hayo hukosi mafundi wanaokaa na cherehani wakiwapunguzia wateja walichonunua dakika chache zilizopita. Anayenunua suruali ya pili hajaikwepa kazi ya kupunguza. Ameilipia mara mbili. Tena akiba ya kitambaa ndani ya nguo za kiwandani huwa ndogo, mara nyingi sentimita moja, kwa hiyo mwili ukirudi hakuna cha kuachia zaidi ya kile ulichokunja mwenyewe. Kuhusu fundi, riziki yake kubwa iko kwenye nguo mpya, hasa misimu ya harusi, Idi na Krismasi, na kazi ndogo za kupunguza ndizo husubiri chini ya rundo. Anayepungua kwa miezi sita atahitaji suruali ileile ishughulikiwe mara mbili au tatu. Akimpelekea fundi kila mara, gharama itakaribia bei ya suruali mpya, na ataacha njiani. Wanaume wanaosema kushona ni kazi ya wanawake wapite tu mtaani wahesabu ni nani wamekaa nyuma ya vyerehani barazani.

Hata hivyo, fundi ana pake. Mabega ya koti hayafai kuguswa na anayejifunza, kwa sababu ukisogeza bega umesogeza mkono mzima na bitana yake. Suti, gauni lenye shanga na kitambaa cha lesi vipelekwe kwake. Jinzi nzito pia, maana kitambaa kikikunjwa mara nne huvunja sindano na kuacha kifundo kinachoonekana kwa nje. Hapo ndipo nakubali akiba iwe nyembamba. Na nguo iliyopita mwili kwa saizi tatu au zaidi haipunguziki: shingo, mabega na urefu wa paja vyote viko mahali pasipo pake. Hiyo igawiwe. Nyingine zote, yaani suruali ya kazini, sketi, gauni la kitenge, kanzu iliyopanuka ubavuni, zinahitaji sindano, uzi, chaki, pini chache na jioni moja au mbili. Na siku ya kushonesha nguo mpya, mteja aseme mapema kabla fundi hajashika mkasi: mshono wa nyuma wa suruali uachiwe sentimita 3 kila upande, na ubavuni 2. Kitambaa ni cha mteja, amekilipia mita nzima, na vipande vinavyodondoka sakafuni ni vyake pia.