Maoni Yetu: Kupe Atambuliwe Kabla ya Dawa Kununuliwa

Mfugaji wa Sange au Kiliba, katika bonde la Ruzizi, akiona kupe, hukimbilia dawa. Hatumlaumu: ng'ombe akifa, karo ya watoto imekwenda naye. Lakini kununua dawa bila kujua unapigana na kupe gani mara nyingi ni kutupa pesa.

Kupe wa kahawia anayejazana masikioni, Rhipicephalus appendiculatus, ndiye mleta ndigana kali. Maishani mwake hupanda wanyama watatu, na akishakomaa hukaa mwilini wiki moja hivi tu. Ndugu yake wa buluu, Rhipicephalus decoloratus, akishapanda ng'ombe hashuki. Hukulia hapo hapo kama wiki tatu. Basi anayeogesha kila wiki tatu huenda akampunguza wa buluu, huku wa kahawia akipanda, akishiba na kushuka katikati, ugonjwa ameshauacha.

Kwa kuku mambo ni mengine kabisa. Papasi mkubwa hunyonya usiku, hata saa moja haiishi, kisha hurudi kujificha kwenye nyufa na miti ya banda. Wachanga wake tu ndio hung'ang'ania ngozi siku kadhaa. Mama anayempaka kuku dawa mchana na kuliacha banda atapaka mwaka mzima.

Kuwatofautisha kunaanza na macho. Kupe ana ngao ngumu mgongoni na mdomo unaotokeza mbele; papasi hana ngao, na mdomo wake umejificha chini ya mwili. Kupe mwenye mdomo mrefu, miguu ya pete nyeupe, na dume wake ana mgongo wa rangi ya machungwa, ni Amblyomma variegatum, wa maji moyo. Wengine wanahitaji lenzi. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Tanzania imekwisha kuingiliwa na Rhipicephalus microplus, kupe wa asili ya Asia anayejulikana kwa usugu wa dawa, na anafanana mno na wetu wa buluu. Akishuka bandarini Kalundu na mbuzi au ng'ombe, nani atamtambua?

Congo ilikuwa mbele katika elimu hii. Mtafiti Joseph Everett Dutton, aliyeonyesha pamoja na John Todd kwamba papasi wa aina nyingine hueneza homa ya kurudia-rudia, alikufa kwa homa hiyo hiyo Kasongo, Februari 1905.

Tunachodai hakihitaji mamilioni. Kila veterinari kuanzia Kamanyola hadi Fizi apewe kibano, lenzi na vichupa vya alkoli. Kila kupe aandikiwe tarehe, kijiji, mnyama na sehemu ya mwili alikotolewa. Walio wagumu kutambulika wapelekwe kituo cha Lwiro, ambako utafiti ulianza enzi za ukoloni. Kazi ianzie Kalundu na mpakani Kavimvira, kabla mifugo ya Itombwe haijashuka kutafuta majani ya kiangazi.