Mwenye Gari Afungue Boneti Mwenyewe

Wanafunzi wenzangu wa Kiswahili hapa Kampala wana wazo moja ambalo nimechoka kulisikia: kwamba kumwaga oili ya gari, kubadilisha filta na kupima upepo wa tairi ni kazi ya fundi tu, na mtu aliyefika chuo kikuu akionekana amelala chini ya gari nyumbani kwao, basi amejishusha. Kwa kuwa mimi ni msichana, maneno huwa makali zaidi. Huulizwa nani atanioa na kucha zangu nyeusi. Nasema wazi kwamba wazo hilo ni uvivu uliovikwa suti, na wanaolipa gharama yake mara nyingi ni wazazi wetu.

Sisemi mtu ashushe injini au afungue giaboksi uani. Hiyo ni kazi ya aliyeisomea. Nasema habari ya sevisi ya kawaida, ile inayokuja kwa ratiba: oili na filta yake, ambayo wengi hapa huibadilisha kila kilomita 5,000, filta ya hewa, maji ya rejeta, plagi, upepo. Mambo haya hayahitaji shahada. Yanahitaji spana chache na mtu asiyeogopa kuchafuka.

Tuangalie magari yenyewe. Mengi tunayoyaona barabarani yalikuja hapa yakiwa yametumika Japani. Tangu 2018 sheria yetu inakataza kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi, lakini hata lililo chini ya umri huo limeshatembea sana. Linakuja na kitabu cha maelekezo kwa Kijapani, na kitabu hicho kinabaki ndani ya kisanduku cha mbele, hakuna anayekigusa. Pengine kwenye ukingo wa mlango wa dereva utakuta stika ndogo ya Kijapani inayoonyesha oili ilibadilishwa tarehe gani na gari likiwa na kilomita ngapi. Mwenye gari wa kwanza aliwekewa kumbukumbu. Mwenye gari wa pili, hapa kwetu, ana kumbukumbu gani? Muulize mzazi wako oili ya breki ilibadilishwa lini. Oili hiyo hunyonya unyevu wa hewa na kuharibika polepole hata gari likikaa tu, na mteremko ndio utakaokuja kukupa jibu.

Mama yangu ni mwalimu wa shule ya msingi na ana Premio ya lita 1.5. Kwa miaka alikuwa akiipeleka gereji moja, nisiyotaka kuitaja. Hukalishwa kwenye benchi mbele, huletewa soda, gari hupelekwa nyuma, na baada ya saa moja hukabidhiwa ufunguo na risiti. Risiti tatu kati ya hizo, ambazo bado tunazo kabatini, zinasema kwamba aliuziwa filta mpya ya hewa. Nilipofungua kasha la filta mimi mwenyewe kwa mara ya kwanza, nilikuta filta iliyozibwa na vumbi jekundu mpaka mikunjo yake haionekani, na ubavuni ina maandishi ya Kijapani. Ilikuja na gari. Mama alikuwa ameinunua mara tatu filta ambayo haijawahi kutoka mahali pake.

Kasha hilo hufungwa kwa vibanio viwili tu, havihitaji hata spana. Mtu yeyote angeweza kuvifungua pale pale mbele ya benchi, soda ikiwa mkononi. Lakini tumefundishwa kwamba chini ya boneti ni nchi ya watu wengine.

Oili nayo haina siri. Gari lipate joto kidogo, lisiwe la moto. Liinuliwe kwa jeki, kisha likalishwe juu ya stendi za chuma, na magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa mawe. Hapa sina mzaha: mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Bolti ya kumwagia oili kwenye injini hii hufunguliwa kwa spana namba 14. Oili ikiisha kutoka, filta hufunguliwa. Ile mpya hupakwa oili kidogo kwenye mpira wake, kisha hukazwa kwa mkono. Bolti irudi na wasa mpya na isikazwe kwa hasira, maana nyuzi zake zikiliwa, utakuwa umetafuta gharama nyingine. Injini hii hunywa lita 3.7 pamoja na filta. Ukishawasha na kuzima, unasubiri kidogo, unachomoa kijiti, unatazama. Mimi huchukua chini ya saa moja, na tarehe naiandika ndani ya daftari pamoja na kilomita.

Wengine huniambia ninawanyang'anya mafundi chakula. Hoja hii inapendeza kwa sababu inamfanya mvivu aonekane mkarimu. Oili na filta bado ninazinunua Kisekka, kwa watu hao hao. Kazi ngumu bado ninawapelekea, na fundi mwaminifu hufurahi kupata mteja anayejua anachokilalamikia. Fundi wa namna hiyo hukuita uone filta ya zamani kabla hajaitupa. Anayepata hasara mteja akijua ni yule wa soda na benchi, na huyo simhurumii.

Walimu wetu wanisamehe, lakini nao wamo. Darasani tunaweza kubishana kipindi kizima kama istilahi sahihi ni filta au kichujio, halafu wabishi wote tukatoka nje na kupanda magari ambayo hatujui kifaa chenyewe kiko upande gani wa injini. Neno fundi limeingia hata katika Kiganda, wala halikusubiri kamati. Liliingia kupitia mikono iliyokuwa kazini.

Iko hoja moja tu ninayoiheshimu: oili chafu. Wanaosema kwamba kila nyumba ikimwaga oili uani tutaharibu visima na mitaro, wanasema kweli, na Kampala mitaro mingi huishia kwenye vinamasi vinavyoelekea Ziwa Victoria. Lakini angalia ardhi ya gereji nyingi za kando ya barabara ilivyo nyeusi, kisha uniambie oili ya gari lako ilikuwa ikienda wapi ulipokuwa hutazami. Kwetu ya zamani huingia ndani ya dumu lenye mfuniko, haichanganywi na maji wala petroli, na dumu likijaa tunalipeleka kwenye kituo cha mafuta kinachokubali kuipokea. Vituo viwili vya kwanza walikataa. Cha tatu walikubali, na sasa kijana wa zamu akituona huja kulipokea mwenyewe.