Kabla ya Vuli: Bustani ya Nyumbani ni Kazi ya Afya

Kila mjamzito anayehudhuria kliniki nchini mwetu huambiwa ale mboga za majani. Ushauri huo ni sahihi. Umerudiwa mara nyingi mno, hata anayeutoa hakumbuki tena kuuliza swali linalopaswa kuufuata: mboga hizo zitatoka wapi? Katika vijiji kama Ngorongo, kandokando ya bonde la Mto Rufiji, jibu hutegemea mwezi. Wakati wa masika mlenda na mchicha huota hata pasipo kupandwa. Ifikapo Oktoba, ardhi ya juu imekauka na vuli haijashika, na mama aliyeambiwa ale mboga anaweza kufika nyumbani asione cha kuchuma.

Hoja ya makala haya ni kwamba majuma ya mwisho ya kipupwe, tangu Nane Nane hadi katikati ya Septemba, ni majira ya kazi ya afya. Sisi tulio katika fani ya tiba tumeyaachia idara ya kilimo peke yake, kana kwamba damu ya mjamzito haihusiani na jembe.

Uzito wa jambo hili unajulikana. Utafiti wa kitaifa wa afya na viashiria vya malaria wa mwaka 2015–2016 ulionesha kuwa wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu, na kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 idadi ilikuwa 58 katika kila 100. Utafiti wa mwaka 2022 ukaonesha kuwa asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Sababu ni nyingi: malaria, minyoo ya safura, uzazi wa karibukaribu, na chakula kisicho na madini na vitamini za kutosha. Bustani haimalizi yote hayo, wala haichukui nafasi ya vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki vinavyotolewa kliniki. Lakini chakula ndicho kinachobaki nyumbani baada ya vidonge kwisha.

Mazingira ya Rufiji yana historia yake. Kwa vizazi vingi wakulima wa bondeni wameishi kwa kilimo cha mlau: maji ya mafuriko yanaporudi mtoni, hupanda mahindi, kunde na maboga katika udongo uliobaki na unyevu. Mwaka 1969, baada ya mafuriko makubwa ya mwaka uliotangulia, Serikali iliwahamishia wakazi wengi wa bonde kwenye vijiji vya ardhi ya juu. Tangu hapo, kwa kaya nyingi, shamba lenye unyevu liko mbali na jiko, na ardhi iliyo karibu na jiko ni kavu. Tena kalenda ya mto imebadilika. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na mwaka 2024 mafuriko yalifunika mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Familia isiyo na uhakika wa mlau inahitaji zaidi matuta mawili matatu yaliyo mlangoni.

Kazi zenyewe si ngeni kwa mkulima yeyote. La kwanza ni kuchagua mahali: hatua chache kutoka panapooshewa vyombo, ili maji ya kusuuzia mboga na vyombo yaishie kwenye tuta badala ya kutuama uani. La pili ni uzio wa matete au makuti, kwa kuwa kuku na mbuzi huteketeza kwa asubuhi moja kazi ya mwezi mzima. La tatu ni mboji. Majani makavu, maganda, majivu kidogo na samadi vikifukiwa mapema na kutiwa maji, vuli itakuta mbolea iliyokomaa. Samadi mbichi isiwekwe kwenye mboga, kwa kuwa hubeba vimelea vya maradhi ya tumbo.

La nne, ambalo ndilo husahauliwa zaidi, ni kuyaokoa marando ya viazi vitamu. Kiangazi kikikaza marando hufa, na mvua inyeshapo mwenye shamba hana cha kupanda. Tuta dogo lenye marando, likilowanishwa kwa maji ya kusuuzia, hutoa matembele ya kula kila wiki na pia mbegu ya msimu ujao. Mchicha nao, ukisiwa mwishoni mwa Agosti katika tuta hilohilo, huchumwa baada ya wiki tatu au nne. Matuta mapana yanaweza kusubiri mvua; hili dogo lisisubiri.

Hapa ndipo tabibu ana neno ambalo afisa ugani huenda asiwe nalo. Udongo wenye unyevu na uchafu wa binadamu ndio unaohifadhi viluwiluwi vya safura, navyo huingia mwilini kupitia ngozi ya miguu. Bustani inayolimwa pekupeku, kando ya kaya isiyo na choo, inaweza kuondoa damu kuliko inavyoongeza. Kwa hiyo viatu ni zana ya bustani kama lilivyo jembe. Vivyo hivyo, kabla ya vuli, vifuu vya nazi, makopo na matairi yaliyolala uani yafukiwe au yafunikwe, kwa sababu hugeuka mazalio ya mbu aina ya Aedes, aenezaye homa ya dengue iliyoitikisa Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019. Na kwa kuwa majira haya ndiyo ya kupulizia mikorosho, viuatilifu vya korosho visipulizwe kwenye mboga, wala chupa zake zisihifadhi mbegu au maji. Anayefyeka vichaka na kuondoa marundo ya takataka avae viatu vilivyofunika mguu na atangulize fimbo. Akiumwa na nyoka apelekwe kituo cha afya bila kuchanjwa wala kufungwa kamba.

Kuhusu upishi, machache yatosha. Limau au embe bivu pamoja na mlo husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye majani, na chai inywewe mbali na mlo kwa kuwa huyazuia. Tui la nazi husaidia kufyonza vitamini A. Mchicha usichemshwe muda mrefu, lakini kisamvu lazima kitwangwe na kuiva sawasawa ili sumu yake iondoke.

Kuna pingamizi moja zito, nalo halipaswi kupuuzwa. Mwanamke wa kijijini tayari analima, anapika, anateka maji na kulea. Kumwongezea bustani kwa jina la afya ni kumtwika mzigo mwingine, na kumtuma mtoni mara mbili zaidi kwa siku, katika mto wenye mamba, ni kumhatarisha maisha. Ndiyo maana nasisitiza tuta dogo na maji yaliyokwisha kutumika. Ndiyo maana pia uzio, ufyekaji na shimo la mboji ni kazi za baba wa kaya, na anapomsindikiza mkewe kliniki aambiwe hivyo waziwazi. Ushauri wa lishe unaotolewa kwa mama peke yake humwachia mama peke yake wajibu wa damu ambayo mtoto wa wote wawili anaihitaji.

Kinachohitajika hakidai bajeti kubwa. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji hufanyika kila robo ya mwaka. Ile ya Julai hadi Septemba ifanywe kuwa siku ya maandalizi ya bustani. Muuguzi, mhudumu wa afya ngazi ya jamii na afisa ugani waketi meza moja, na kila kaya yenye mjamzito au mtoto mdogo irudi nyumbani na fungu la marando na kiganja cha mbegu za mchicha. Kliniki nayo iongeze maswali matatu tu: una tuta? una viatu? nani anakusaidia? Vyuo vyetu viwafundishe wanafunzi kuyauliza maswali hayo kabla hawajaandika ushauri wowote wa chakula.

Mvua za vuli hazimsubiri asiyejiandaa. Mwanamke atakayejifungua Desemba amekwisha kuanza kliniki, na mboga atakazokula Oktoba zinapaswa kusiwa sasa.